Fundi wa Mashine Hajafa

4 Machi

Mjomba,

Fundi wa mashine hajafa. Mimi ndiye niliyemficha, na hakuna mtu mwingine niliyemwambia, hata Mama.

Nisamehe kuanza hivi kabla ya salamu. Nilijua nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua. Shikamoo. Natumaini wewe na mke wako na watoto mko salama, na kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Huku Mama hajambo. Bega linamsumbua asubuhi, ila akishaanza kuponda kokoto linapata joto. Mimi nimemaliza mtihani wa mwisho na niko nyumbani, nasubiri majibu na kile chuo ulichoniahidi.

Nadhani habari za machimboni umezisikia kwenye redio. Redio ilisema "vurugu ndogo". Mimi nilikuwepo, nimempelekea Mama chakula, kwa hiyo nakueleza nilivyoona.

Mashine uliyotuletea wanawake waliiogopa kwanza, halafu wakaanza kuizoea. Ilikuwa inatafuna jiwe kubwa kama ndoo na kutema kokoto upande wa pili. Fundi aliwafundisha kwa zamu, mmoja mmoja, bila kumcheka mtu. Hata Mama alishika kile kishikio siku moja, akarudi nyumbani anajifanya hakufurahi. "Linapiga kelele kama mawifi zangu," alisema, lakini jioni nzima mkono wake ulikuwa unavuta kishikio hewani. Watu wa barabara walikuja kuangalia kokoto, wakasema kwa mwendo huo lami itafika kwetu kabla ya mvua.

Aliyekataa kuizoea ni Mwenyekiti wa machimbo. Kila debe linalotoka pale linapita kwanza mkononi mwake, na mashine uliiandikisha kwa jina la ushirika wa wanawake, si kwa jina lake.

Wewe umeondoka zamani, labda umesahau utaratibu. Kila mponda kokoto ana lundo lake la mawe, na juu yake anaweka kitambaa cha rangi yake. Lundo la mwenzako huligusi. Mwenyewe akifa, kitambaa kinabaki palepale mpaka mtoto wake aje. Bi Kicheko, yule aliyeangukiwa na mwamba, kitambaa chake kilikuwa chekundu. Mwanawe ni askari, yuko mbali, bado hajaja.

Siku ile mawe ya ushirika yaliisha kabla ya mchana. Fundi ni mgeni. Alimwuliza Kidumu, yule anayebeba mafuta ya mashine na ambaye Mwenyekiti humtuma kila mahali, "Nichukue yapi mengine?" Kidumu akamwonyesha lundo lenye kitambaa chekundu. "Lile pale. Halina mwenyewe." Nilisikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimekaa nyuma ya pipa nikingoja Mama amalize ili nisipite katikati ya watu. Fundi akakitoa kitambaa, akakikung'uta, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Kisha akaanza kulisha mashine.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Akapiga kelele, "Anamsaga Bi Kicheko."

Mjomba, sijui kama unaweza kuwaza. Kila mtu pale alikuwa na nyundo mkononi na mawe miguuni. Mwenyekiti alikuwa tayari amepanda juu ya lori, utadhani aliitwa. Akasema, wala hakupaza sauti, "Niliwaambia. Leo wafu, kesho nyinyi." Jiwe la kwanza lilimpiga fundi mdomoni. La pili sikioni. Alikuwa anainua mkono wenye kile kitambaa, nadhani alitaka kukirudisha, na kila alivyokiinua ndivyo walivyozidi. Mwanamke anayeponda karibu na Mama, yule mcheshi, alimpiga mgongoni kwa nyundo huku analia. Mama alirusha pia. Nilimwona. Anarusha vizuri, hakosei.

Halafu fundi akaponyoka upande wa kibanda cha injini, akapotea machoni, na moshi ukatoka kibandani, na moto, na mtu ndani akapiga mayowe. Mayowe yale yalichukua muda mrefu. Wote walisimama. Walijua ni fundi, kwamba amekimbilia humo. Kilichobaki walikizika mteremkoni bila hata dua.

Hayo ya kuzika nilisimuliwa, mimi nilikuwa nimeshakimbia. Katika karavati la barabara mpya, lile bomba kubwa la zege ambalo halijafukiwa, nilimkuta fundi amejikunja, sikio linaning'inia, anatema meno. Niliogopa hata kumwamkia. Nilimshika mkono nikamvuta, nikamwingiza mahali. Mpaka leo yuko hapo.

Nifanye nini? Mkuu wa kituo cha polisi anakula kwa Mwenyekiti. Simu iko dukani kwa Mwenyekiti. Barua hii namkabidhi dereva wa lori la kokoto akaiweke posta ya mjini. Jibu nitumie kwa anwani ya shule, mwalimu mkuu bado ananitunzia barua.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, mwanangu. Sisi wote wazima. Kikohozi kimepona, sasa ni meno. Shangazi yako wa hapa, yaani mke wangu, anakusalimu na anauliza kama umeongezeka urefu. Mwambie dada yangu bega alichue kwa maji ya moto na aache ubishi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Pole sana. Umefanya jambo la ujasiri, ingawa ningependa ungeniuliza kwanza. Mambo haya, mwanangu, yana pande nyingi. Ile mashine ilinunuliwa kwa mkopo wa serikali na mimi ndiye niliyeupigania wizarani, nikiambiwa kila siku kwamba watu wetu hawako tayari. Sasa wanaonipinga wanacheka kwenye korido. Nieleze vizuri: injini imeungua yote au imesalimika? Na yale meno ya chuma yanayosaga, bado yapo? Hiyo injini ina maana sana kwenye ripoti.

Kuhusu Mwenyekiti, tusikimbilie kuhukumu. Ni mtu mgumu lakini ana watu nyuma yake, na bila watu hakuna maendeleo yatakayofika huko. Wazee kadhaa wameniomba nigombee kiti cha jimbo. Sijaamua. Nakuambia tu ili ujue kwa nini natembea polepole.

Fundi amesema nini? Anamtaja mtu? Ana mpango wa kwenda kusema mahali? Na hujaniambia umemficha wapi. Siwezi kusaidia mtu nisiyejua alipo.

Chuo nakishughulikia. Ubaki na utulivu wako huohuo, usimwambie yeyote.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kikohozi kimepona. Mwambie mke wako sijaongezeka, ila viatu vya shule vimenibana. Mama alichua bega kwa maji ya moto kama ulivyosema, kisha akasema wewe wizarani umejifunza udaktari.

Umeuliza habari za injini mara mbili. Imeungua. Meno ya chuma yapo, Mwenyekiti ameyang'oa na kuyaegesha nyuma ya duka lake.

Mambo hayajatulia. Katibu wa ushirika alisimama machimboni akasema mashine ilikuwa yetu na tuombe nyingine. Wanaume wa Mwenyekiti walimfuata nyumbani mchana kweupe, wakamburuta kwa nywele mpaka kisimani, wakamzamisha kichwa ndani ya ndoo na kumtoa, kumzamisha na kumtoa, huku mmoja anamwuliza, "Unataka nyingine? Sema. Unataka nyingine?" Watu walikuwa kwenye foleni ya maji. Walisogeza ndoo zao, basi. Nyumba yake ikachomwa. Amehamia kwa ndugu zake na hasemi tena, hata akisalimiwa.

Sasa Mwenyekiti amepandisha anachochukua kwa kila debe. Anasema ni gharama ya ulinzi. Watu wa barabara nao wamefunga mitambo yao wakaondoka.

Mama ananawa mikono kupita kiasi. Jana aliniambia bila kuulizwa, "Alikikunja kile kitambaa kwa dharau. Ungemwona." Nilitaka kumwambia alikikunja ili kisichafuke. Fundi ndivyo alivyoniambia, na bado anacho, amekifua kwa maji ya kunywa ninayompelekea. Lakini ningemwambiaje Mama ninajua? Nikainamisha kichwa, kama kawaida yangu. Kuwa mtu asiyesema kuna faida zake, hakuna anayeshangaa ukinyamaza.

Umeuliza fundi anasema nini. Anasema Kidumu ndiye aliyemwonyesha lundo, na mimi pia nilisikia. Anasema alipokimbia alimwona mtu ndani ya kibanda cha injini akimwaga mafuta, uso hakuuona. Kwa hiyo hatujui tulimzika nani. Kidumu mwenyewe hatujamwona tangu siku ile. Mwenyekiti anasema amesafiri kutafuta vipuri vya lori, na mke wa Kidumu bado anamwekea chakula. Fundi anataka kufika mahali ambapo mtu atamsikiliza, aseme hayo yote, halafu arudi kwao.

Nakuambia alipo kwa sababu sina mtu mwingine. Yuko kwenye maabara ya shule. Ile iliyojengwa nikiwa darasa la chini na haijafunguliwa mpaka leo kwa sababu kila kundi linamtaka mgeni rasmi wa kwake akate utepe. Utepe bado umefungwa mlangoni, umekuwa mweupe kwa jua. Dirisha la nyuma halina komeo. Zamani nilikuwa naingia wakati wa mapumziko nisome peke yangu. Ndani kuna masanduku yaliyokuja na vifaa na hayajawahi kufunguliwa. Fundi ameyafungua. Ameunga hadubini kwa kutumia bisibisi aliyoichonga kwenye msumari, akaniambia niangalie, nikaona tone la maji lina vitu vinavyotembea. Miaka yote ya shule nilivichora vitu hivyo kutoka ubaoni. Sikujua vinatembea.

Sikio lake lilioza kidogo. Nilimkata ile sehemu kwa mkasi wa maabara. Hakupiga kelele, alishika mguu wa meza mpaka ukalegea. Mtume mtu upesi.

Mpwa wako


3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku salama. Watoto wanakusalimu, wanataka uje wakuonyeshe mji. Na utakuja, kwa sababu nafasi ya chuo imepatikana. Nitakutumia nauli. Mama yako asiwe na wasiwasi, utakaa kwetu.

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na safari za kikazi, karibu na huko, ila sikupata nafasi ya kufika nyumbani. Nimekubali kugombea. Nikipata kiti, mashine haitakuwa moja, zitakuwa nyingi, na barabara nitaifikisha mimi mwenyewe. Lakini lazima mtu aingie mlangoni kwanza ndipo apange viti. Utalielewa hili ukikua.

Sasa sikiliza. Siku ya soko, saa sita mchana, gari jeupe litafika nyuma ya shule. Watu wake watasema wametoka kwa mjomba. Mwambie fundi apande bila maswali. Wewe usiwepo. Kaa nyumbani na usitoke. Nasisitiza.

Huyo fundi asizungumze na mtu mpaka hapo. Maneno yake yanaweza kuwasha moto mwingine. Kifo cha Kidumu kimemuuma sana Mwenyekiti, alimlea tangu akiwa mtoto, na mtu mwenye uchungu hapimi anachofanya. Tumpe nafasi apoe.

Barua zangu zichome.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mama hajambo kiasi. Nitakueleza habari zake chini.

Barua yako niliisomea kwenye maabara, fundi akiwa amelala. Nilifika kwenye jina la Kidumu nikarudi nyuma nikasoma tena. Hapa hakuna anayesema Kidumu amekufa. Mke wake anasema amesafiri. Mimi nilikuandikia amesafiri. Anayeweza kujua ni nani aliyeungulia kibandani ni yule aliyemtuma na dumu la mafuta. Kwa hiyo Mwenyekiti alikuambia, na ulipokuwa safarini karibu na huku ulikaa naye.

Nilijitahidi kufikiri labda nakukosea. Halafu nikaona kama nimekukosea, nitakuomba radhi kwa barua, lakini kama sijakukosea, fundi hatakuwa na barua ya kumwandikia mtu.

Kwa hiyo tuliondoka asubuhi ya siku ya soko, mapema kuliko gari lako. Unajua wanawake wa machimboni wanavyojifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, macho tu ndiyo yanabaki. Nilimvika nguo ya Mama ya kazini, nikampaka vumbi mikononi, nikamtwika debe la kokoto. Alijifunga usoni kitambaa chekundu cha Bi Kicheko. Nilimwambia hicho hapana, watakijua. Akasema hana kingine, na hicho kina deni naye. Tukapita katikati ya soko. Mbele ya duka Mwenyekiti alikuwa anasimamia lori likipakiwa, akageuka akatutazama. Akasema, "Mama, tembea basi. Umri huo na debe zima, utatufia hapa tuanze kuchanga." Watu wakacheka. Fundi akaitikia kwa kichwa kama bibi kizee na kuendelea. Mimi pia nilicheka, Mjomba. Sijui kicheko kilitoka wapi.

Nilimfikisha ninapopajua mimi. Kisha nikarudi nyumbani kukaa ndani, kama ulivyosisitiza.

Gari lako jeupe lilifika shuleni kwa wakati. Mlinzi wa shule anasema walishuka na marungu na panga, na hawakusema wametoka kwa mjomba wala kwa nani. Walivunja mlango, ule utepe ukakatika hatimaye. Waliposhindwa kumpata mtu walipiga kila kitu. Hadubini, mizani, chupa, masinki. Nilikwenda kuona baadaye, sakafu ilikuwa inang'aa.

Halafu walikuja nyumbani. Mama alikuwa amekaa uani anaponda yale mawe anayoyaletaga nyumbani. Mmoja alinishika shingo akanibana ukutani. Mwenzake akamwambia, "Huyo mwache. Tumeambiwa asiguswe." Akaniachia palepale, hata kola akaninyoosha.

Kwa hiyo walimwuliza Mama. "Fundi yuko wapi?" Mama akasema, "Fundi gani? Yule tulishamwua." Alisema kweli yake yote, Mjomba. Hakuwa na nyingine. Walimwuliza tena, akawajibu, "Nendeni mkamfukue mumwulize wenyewe." Ndipo walipoushika mkono wake wa kulia wakauweka juu ya jiwe lake la kupondea, na yule aliyeninyoosha kola akaichukua nyundo ya Mama. Hakupiga mara moja. Alipiga kama mtu anayeponda kokoto, anasogeza kidogo, anapiga, anasogeza kidogo.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilifungua mdomo. Nilijua fundi yuko wapi, na neno lilikuwa kwenye ulimi wangu lote. Mama alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, kwa sababu alipiga kelele, "Funga mdomo wako," na mimi nikafunga. Walidhani ananikataza kulia.

Daktari alikata vidole vitatu. Viwili vilivyobaki havikunji.

Usiku wa kwanza hospitalini aliniuliza, "Alikuwa hai?" Nikaitikia kwa kichwa. Akatazama ukuta. Baadaye akasema, "Lile jiwe la mdomoni lilikuwa langu." Nikamwambia fundi alikikunja kitambaa ili kisichafuke. Alilia kwa hilo kuliko kwa vidole.

Nafasi ya chuo mpe mtu mwingine. Mama hawezi kushika nyundo, kwa hiyo lundo lake ninalo mimi, na kitambaa chake cha kijani. Bado sina kasi. Yule mwanamke mcheshi anayeponda karibu nasi ananicheka, anasema naligonga jiwe kama nabisha hodi. Lakini mawe mengine kwenye lundo letu sikumbuki kuyabeba mimi, na kila asubuhi yanakuwa mengi kuliko nilivyoyaacha. Nikiwauliza wanatazama pembeni. Wanawake watatu wameniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mashine inaweza kutengenezwa. Nimewaambia fundi alinionyesha jinsi meno ya mashine yanavyofungwa, na kwamba meno yako nyuma ya duka.

Sasa neno lenyewe. Mwenyekiti bado anamtafuta fundi kwa sababu anajua yuko hai, na anajua kwa sababu umemwambia. Wewe anakuamini. Mwambie mpwa wako amekuandikia kwamba fundi alikufa kwa yale majeraha ya kichwa, na kwamba alizikwa kimyakimya kabla gari halijafika. Mwambie kwa ufundi uleule unaoandikia ripoti. Ukweli tutabaki nao mimi na wewe na Mama mpaka huyo mtu afike anakokwenda na kusema anachojua.

Mama kila siku ananiuliza nani aliwaambia wale watu kuhusu maabara. Namjibu sijui. Picha yako ya kuhitimu bado iko ukutani juu ya kitanda chake, anaifuta vumbi kwa mkono wa kushoto. Kabla gari lile halijafika nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani kwamba fundi hajafa, na mtu huyo ni kaka yake. Barua zako sikuzichoma.

Nakuomba, Mjomba, usiniponze. Tunza siri yangu, na mimi nitatunza yako.

Mpwa wako